Mnunguli katika Pango la Seiloni

Shemeji yangu Jilala hakuwa mtu wa kukaa. Ukimkaribisha kigoda atakalia upande mmoja tu wa tako, kama mtu anayengoja kuitwa shaurini. Ukimpa ugali atamega matonge mawili, ainuke, aende mlangoni, achungulie nje, arudi, amege jingine. Pale kwetu Geita, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, watu walimpa jina la Bwana Nakuja, kwa sababu kila alipoinuka alisema "nakuja" hata kama hakuna aliyemwuliza. Dada yangu Limi, mkewe, alikuwa amekwisha kuzoea. Alikifunika chakula kwa ungo akaendelea na shughuli zake.

Mimi sikuzoea. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kula na mtu anayeinuka inuka kunanikosesha raha. Siku moja nilimwambia, "Shemeji, kama una safari nenda, kama huna kaa." Akacheka, akakaa, akaanza tena kunisimulia habari za Seiloni. Nusu ya habari yenyewe aliisimulia akiwa amesimama.

Habari hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia misa. Nimeisikia kwake, na nimeisikia kwa Donatus, aliyekuwa koplo wake katika Keya, jeshi la Mwingereza, Msumbwa wa Ushirombo aliyelelewa na mapadri, ambaye baada ya vita naye alikuja Geita akawa nyapara wa stoo mgodini. Wawili hao walibishana kila Jumapili. Kwa hiyo nitaisimulia kwa kuokota huku na huku, na pale walipokosana nitasema.

Jilala alizaliwa kijiji kimoja karibu na Mwakitolyo, upande wa Shinyanga, na alikuwa mnunguli. Asiyejua Usukuma nimweleze. Nungunungu ni mwizi wa viazi na karanga, na kwetu kuna chama kizima cha watu wanaomfuata mpaka chumbani kwake. Hawamtegi. Wanalala kifudifudi, wanaingia shimoni kichwa kwanza, mkuki mfupi mbele, na kutambaa gizani mpaka wakutane naye uso kwa uso. Wana nyimbo zao, dawa zao na majivuno yao. Na wana elimu moja wanayofundishwa kabla ya zote: shimo lenye mkaaji halikosi mlango wa pili. Nungunungu hachimbi nyumba ya mlango mmoja. Mnunguli hutafuta kwanza ule wa pili, auzibe, ndipo aingie kwenye huu. Jilala alikuwa mwembamba, mabega yake yalikunjika kama mwavuli, na wazee walisema hakuna shimo lililowahi kumshinda.

Mwaka 1943 wajumbe wa mtemi wakapita kukusanya vijana wa Keya. Jilala akachukuliwa akitoka kulima, jembe likabaki shambani. Limi alikuwa na mimba kubwa. Mimi nilikuwa nimeshatangulia Geita kutafuta kazi, kwa hiyo sikuona machozi ya siku ile, na sitajifanya nimeyaona.

Wakapelekwa Seiloni, kisiwa kilicho karibu na Uhindi, wakafundishwa vita vya msituni huku wakingojea kupelekwa Burma. Waliponda matope, walikula wali na nyama za kopo, walinenepa. Jilala hakuwa na shida yoyote mpaka alipofika Mageni.

Mageni alikuwa kijana wa kijijini kwao, ameletwa na kundi jipya la askari. Alikuwa amezunguka miezi mingi njiani, kambi hii na kambi ile, meli hii na ile, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumtafuta Jilala ampe habari.

"Limi kajifungua," alisema. "Mapacha. Kulwa na Doto, wote wasichana."

Kwa watu wengine hiyo ni habari ya kuchinja kuku. Kwa Msukuma wa siku zile ilikuwa ya kukaa chini kwanza. Mapacha ni neema yenye masharti. Lazima baba na mama wachezewe ngoma ya mapacha, wakae pamoja watiwe dawa, watu wawaimbie yale matusi ambayo siku nyingine ukiyatamka unapigwa. Kabla ya ngoma hiyo mama hatoki uani. Hakanyagi shamba la mtu, haendi kisimani, hapiti karibu na ng'ombe, maana watu waliamini mvua itakatika na maradhi yataingia. Na ngoma haichezwi kwa mzazi mmoja.

"Wazee wamemweka ndani," Mageni aliendelea. "Wamesema atakaa humo mpaka urudi."

Kuanzia hapo Jilala hakulala sawasawa. Donatus alisema alikuwa akitembea kambini kama kuku anayetafuta pa kutaga. Alimwendea Donatus amwombee ruhusa kwa luteni. Donatus hakwenda. "Nitamwambia nini Mzungu?" alimjibu. "Kwamba kuna mwanamke Shinyanga haruhusiwi kuchota maji mpaka wewe utukanwe? Hayo ni mambo ya giza, Jilala. Sali."

Jilala hakusali. Alikata shauri kutoroka.

Hapa lazima nicheke kidogo, ingawa si jambo la kuchekesha. Mtu yuko kisiwani, bahari pande zote, anasema atatoroka. Lakini alikuwa na mpango wake. Siku waliposhuka melini, aliongea na makuli wa makaa waliozungumza Kiswahili, watu wa Mombasa, na mmoja akamwambia meli yao huenda na kurudi Mombasa kama mtu aendaye kisimani. Jilala aliona yamekwisha: atafika bandarini, atafichwa kwenye makaa, atashuka Mombasa, kutoka hapo ni miguu tu. Kilichobaki ni namna ya kuchomoka kwenye macho ya koplo.

Ndipo ikatangazwa safari. Kabla ya kwenda Burma, luteni alitaka askari wake wapate siku moja ya kutembea. Watapelekwa kwa lori kuona mapango ya kale juu ya mlima wa jabali, ambayo watu wa Seiloni wameyafanya mahekalu tangu enzi na enzi, na mwenyeji atawaongoza. Wengine walinung'unika wakasema heri wangeachwa walale. Jilala aliposikia neno pango alichukua brashi akaanza kupiga viatu vyake rangi.

Mliokwisha kuwaelewa wanunguli mmekwisha kujua alichowaza. Watu wale wanaishi katika mapango hayo tangu kale. Hakuna kiumbe mwenye akili anayekaa muda wote huo kwenye shimo la mlango mmoja. Kwa hiyo upo wa pili, na yeye ndiye mtu wa kuupata.

Luteni hakupanda mlima. Tumbo lilimshika njiani, akabaki kivulini karibu na lori na chupa yake ya chai, akamkabidhi Donatus watu. "Nataka warudi wote jinsi walivyo," alimwambia. Donatus alikuwa amepata mistari yake miwili mwezi ule tu, na alikuwa akiipangusa kwa mkono kila mara kama ina vumbi. Alijua akipotea mtu mmoja, mistari inatoka na yeye anaingia kifungoni.

Mwenyeji wao aliitwa Piyadasa. Alikuwa mtu mfupi mwenye mwavuli mweusi, mwenye haraka, anayezungumza Kiingereza mfululizo bila kumeza mate. Donatus alitafsiri. Lakini Donatus aliogopa dhambi, kwa hiyo alitafsiri alichotaka. Piyadasa alisema maneno marefu juu ya mfalme wa zamani aliyejificha katika mapango hayo adui zake walipomfukuza, na aliporudishiwa ufalme akayajenga kuwa hekalu kwa shukrani. Donatus akasema, "Mfalme alipita hapa." Jilala alishika neno moja tu, kwamba mtu aliwahi kujificha humo, maana Mageni aliyejua Kiingereza cha kuokoteza alilinong'oneza.

Walipanda jabali lililo wazi, jua limelipasha mpaka likawa kama chungu cha motoni. Jilala alisema lilifanana na majabali ya kwetu, meusi, ya mviringo, yenye nyasi kavu kwenye nyufa, na hilo lilizidi kumtia wasiwasi wa kutaka kwenda. Nyani walikaa pembeni wakiwatazama. Kila alipogeuka aliona bonde, misitu, barabara nyembamba, akahesabu kichwani bandari iko upande gani. Mlangoni wakaambiwa wavue viatu. Askari wakaanza kubishana kama kuvua viatu ni kuabudu, Mkristo huyu akisema ndiyo na Mwislamu yule akisema hata msikitini wanavua. Jilala alikuwa ameshavua. Alikuwa ameshaona kwamba bila viatu hatapiga kelele.

Ndani kulikuwa na baridi. Aliniambia jambo la kwanza alilofanya ni kulamba kidole na kukiinua, kama wafanyavyo wanunguli, kusikiliza hewa inatoka wapi. Hakusikia kitu, lakini watu walikuwa wengi na moshi wa taa za mafuta ulikuwa unazunguka. Dari lote la mwamba lilikuwa limechorwa picha nyekundu na za manjano, limejaa bila kubakiza nafasi ya kuweka kidole. Sanamu zilikaa kwa safu, miguu imekunjwa, macho nusu yamefumbwa. Mahali fulani tone la maji lilidondoka kutoka juu likaingia kwenye chungu, kisha likadondoka jingine. Na upande wa ukuta wa ndani alilala yeye mkubwa wao, sanamu ndefu kuliko nyumba yetu hii, ubavuni, kichwa kwenye mto, maua yamepangwa mbele yake.

"Huyu ni nani?" askari mmoja aliuliza.

Piyadasa alieleza kwa muda mrefu, mkono kifuani. Donatus akasema, "Mtu amelala."

Jilala hakuwa akimtazama aliyelala. Alikuwa akitazama nyuma yake, pale kichwa cha sanamu kilipokaribiana na mwamba, kulipokuwa na ufa mweusi unaoingia ndani. Alimkonyeza Mageni. Mageni, ambaye alijua shauri lote, akaanza kumwuliza mwenyeji sababu za maji kudondoka bila mvua, na kila akijibiwa alibisha. Watu wakasogea kwenye chungu kusikiliza ubishi. Jilala akapanda, akapita nyuma ya kichwa kile kikubwa, akalala kifudifudi, akaingia.

Mwanzo palikuwa papana. Alitambaa kwa viwiko, mkono wa kushoto mbele, kama alivyofundishwa. Palikuwa na vumbi la maua makavu na harufu ya popo. Kisha njia ikapinda kidogo, ikabana. Kijijini angelikunja mabega akapita. Lakini nimekwisha kusema Keya walikuwa wanakula. Mabega yaliingia, kifua kikakataa. Akajaribu kurudi, shati likajikusanya mgongoni likawa kabari. Akawa amenasa pale, mkono mmoja umenyooka mbele, hawezi kwenda wala kurudi, anasikia moyo wake ukigonga jiwe.

Na hapo, aliapa Jilala, alisikia upepo.

"Kidogo tu," alikuwa akisema, akiinua mkono mbele ya uso kutuonyesha. "Kwenye vidole hivi. Hewa ya nje, ya majani. Mimi nimezaliwa kwenye mashimo, hunidanganyi. Mlango ulikuwepo."

Donatus kila mara alisema hakukuwa na upepo wowote, ilikuwa pumzi yake mwenyewe ikimrudia kutoka kwenye mwamba. Ubishi wa hapo ulikuwa unachukua muda wa kupika maharage.

Tuendelee. Kule nje ziara ikaisha, askari wakatoka, wakavaa viatu. Jozi moja ikabaki. Donatus akaita majina. Aliniambia aliona kifungo, aliona aibu, alimwona padri wake wa Ushirombo akitikisa kichwa. Akaviangalia vile viatu, vimepigwa rangi vinang'aa, akakumbuka Jilala ni nani na kwao hufanya kazi gani. Akarudi ndani mbio, Piyadasa nyuma yake na taa.

Ili kufika nyuma ya sanamu ilibidi avuke jukwaa lile lenye maua. Donatus akasimama. Alilelewa kukimbia hata kivuli cha sanamu, na sasa anatakiwa aikwee. Akapiga ishara ya msalaba, akavuka. Nyuma kule, kwenye mwanga wa taa, akaona nyayo mbili nyeupe kwa vumbi zimetokeza kwenye mwamba.

"Jilala, toka."

"Sitoki," zilisema nyayo.

"Umenasa?"

"Sijanasa. Napumzika."

Donatus akazishika akavuta. Jilala akajikaza, na mtu aliyejikaza shimoni havutiki, hiyo nayo ni elimu ya wanunguli. Wakabaki hivyo, mmoja ananong'ona ili habari isimfikie luteni, mwingine anaongea na jiwe.

"Wataniweka ndani kwa ajili yako," Donatus alisema.

"Limi yuko ndani tayari."

"Watakupiga risasi. Ni wakati wa vita."

"Koplo, una mke?"

"Sina."

"Basi nyamaza. Kuna mtu amekaa ndani ya nyumba kama mgonjwa, ana watoto wawili kifuani, anatazama mlango. Anatazama mlango kwa sababu yangu. Wewe ungeweza kula? Ungeweza kulala?"

Piyadasa akauliza kuna nini, akaelezwa kwa kifupi, akasema maneno machache akielekeza taa kwenye ufa. Donatus akautazama ufa. Kisha akainama karibu na zile nyayo.

"Mwenyeji anasema humo wanalala nyoka. Swila. Anasema kila anayeingia hapo hukutana nao pale panapobana."

Sasa kwetu kuna wanunguli na kuna wayeye. Wayeye ndio wenye dawa ya nyoka, wanawashika, wanacheza nao ngoma wamewavaa shingoni, na wanawacheka wanunguli kwa sababu mnunguli ni jasiri kwa mnyama mwenye miiba tu. Jilala alikuwa mnunguli kwelikweli. Aliogopa nyoka mpaka kamba ya ng'ombe ilimshtua ikilala vibaya. Donatus alisema alimsikia akivuta pumzi, shati likachanika, na mtu mzima akatoka kinyumenyume kwa kasi ambayo hata nungunungu hana. Alisimama nyuma ya kichwa cha yule aliyelala, damu kwenye mabega.

Kisha akakaa chini kwenye vumbi akalia. Piyadasa alimpangusa vumbi kwa ncha ya nguo yake, kwa hasira hasira, kama mama anayempangusa mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni, akamwelekeza mlango.

Luteni aliambiwa mtu alipatwa na tumbo. Alielewa.

Wakaenda Burma. Habari za huko Jilala hakusimulia, hata siku moja. Alirudi mwaka 1946, akafika kijijini na blanketi na buti, akakuta nyumba imeota nyasi. Doto alikuwa amekufa. Limi alikuwa amehama na Kulwa kunifuata mimi Geita. Watu walimjibu kwa mkato, na mzee mmoja akamwambia ngoma ya mapacha haichezwi kwa mtoto mmoja. Hakulala hapo. Alitembea mpaka Geita, akamkuta Limi anauza uji na michembe ya viazi vikavu karibu na mgodi, Kulwa amekaa pembeni yake kwenye gunia.

Akapata kazi ya chini ya ardhi, na kusema kweli alikuwa hodari. Lakini hakutulia tena. Kila Jumapili ilikuwa Seiloni, na kila Jumapili iliishia mahali pamoja: ule upepo. Angesukuma kidogo tu. Angetoka, angefika, ngoma ingechezwa, Doto angekuwa anacheza hapo uani na mwenzake. Hiyo sehemu ya mwisho hakuisema kila mara. Lakini tulijua ndiyo iliyokuwa inamwinua kwenye kigoda.

Mwaka 1953 ikaamuliwa Kulwa abatizwe. Alikuwa amejifunza kwa katekista, na yeye mwenyewe alimchagua Donatus awe baba wa ubatizo. Jumapili iliyotangulia tulikaa wote kula kwa Jilala, adhuhuri, mlango wazi. Limi alikuwa amepika kuku. Donatus hakula. Alikuwa akizungusha kofia mikononi.

"Jilala," alisema, "siwezi kusimama kanisani na mwanao nikiwa nimebeba uongo juu ya baba yake. Yule mwenyeji hakusema kuna nyoka."

Jilala, ambaye alikuwa amesimama kama kawaida, aligeuka. "Alisema nini?"

"Alisema, mwache tu, njaa itamtoa. Nyoka ni mimi niliyewasema."

Nilishika mkono wa Jilala kabla haujafika, maana niliuona ukiinuka. Sijawahi kumwona mtu akibadilika uso namna ile. "Kwa hiyo hapakuwa na kitu," alisema. "Upepo ule, na hapakuwa na kitu mbele yangu. Ningefika nyumbani. Koplo, umeniulia mtoto. Umemkalisha mke wangu ndani kwa neno moja, na umeniulia mtoto."

Donatus aliinamisha kichwa. Kulwa alikuwa ameacha kula.

"Mimi sikukaa ndani," Limi alisema.

Alikuwa amekaa karibu na mafiga, anakata mboga. Hakuinua sauti. Aliweka kisu chini.

"Mageni aliondoka kijijini wiki niliyojifungua, akakuletea aliyoyaacha. Hata mwezi haukuisha, Baba Kulwa. Mama mkwe alikuwa akinichotea maji, akaugua. Wengine waliogopa kukanyaga uani kwangu. Watoto walinyonya wakamaliza, mimi mwenyewe ulimi umenikauka. Nikatoka. Nilipita katikati ya kijiji mchana, wananiona. Na mvua ilinyesha mwaka ule, tena nyingi. Kisha ikaja surua. Ilichukua watoto nyumba hii na nyumba ile, watoto ambao mama zao hawakuvunja kitu. Lakini mimi ndiye niliyetoka, kwa hiyo vifo vyote vilihesabiwa vyangu. Ndiyo maana nilihama."

Hata mimi, ndugu yake wa tumbo moja, niliyemkaribisha siku aliyofika na mtoto mmoja mgongoni, sikuwa nimeyasikia hayo. Nilikuwa nimemwuliza nini kilimwua Doto, akaniambia surua, nikasema pole, nikaendelea na kazi.

"Mbona hukuniambia?" Jilala aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Wenzako walirudi na vyombo na nguo za wake zao. Wewe ulirudi na lile shimo. Ulisema uliingia humo kwa ajili yangu. Ningekwambia kwamba wakati umenasa mimi nilikuwa nimeshatoka zamani? Na nilikuwa naogopa. Kila Jumapili ukifika pale kwenye Doto, nangoja useme na wewe kwamba ni mimi niliyemwua. Nimengoja tangu umerudi."

Jilala alisimama katikati ya chumba. Nilijua ataelekea mlangoni, nikajiandaa kumfuata. Hakuelekea mlangoni. Alikwenda mpaka kwenye mafiga, akachuchumaa mbele ya dada yangu.

"Ulichota kisima gani?"

"Cha bondeni. Cha karibu walinizuia."

"Cha bondeni ni mbali."

"Ni mbali."

"Na watoto uliwaacha na nani?"

"Na nani? Nilikwenda nao. Kulwa mgongoni, Doto kifuani. Mtungi kichwani."

Alimtazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anaiona njia ile, maana anaijua, ile miteremko na mawe yake, na wakati wa kurudi mtungi umejaa.

"Pole, Mama Kulwa," alisema. "Pole sana kwa mzigo."

Limi alifungua mdomo ajibu kwamba ameshapoa, kama tunavyojibu wote, lakini neno halikutoka. Aliegemeza kichwa kwenye bega la mumewe akalia kwa sauti, na Donatus na mimi tukamchukua Kulwa tukatoka nje.